Lipiko na mwana wa sili

Mwanangu Somoe,

Hapa Mikindani hatujambo, ila joto. Korosho zimeanza kudondoka, na mjomba wako yuko shamba huko Newala anagombana na nyani na vibarua. Bibi yako anakusalimu. Jina lako linamponyoka siku hizi, lakini jana aliniuliza, "Yule anayesomea roboti amekula?" Hiyo ni salamu, ipokee.

Uliniuliza kwenye simu kama nitakubali uje Desemba na yule mdoli wa roboti wa Kijapani, Paro, mwana wa sili (yule mnyama wa baharini) mwenye manyoya meupe, akae na bibi. Nikakujibu "tutaona", nawe unaijua "tutaona" yangu.

Ulinieleza kwamba Takanori Shibata, aliyemtengeneza, alimchagua sili kwa makusudi. Ukimletea mzee paka wa kutengeneza atakwambia paka gani huyu, hata hakwaruzi. Sili nani amewahi kumpakata? Hana wa kumlinganisha naye. Nimeipenda akili hiyo, maana ni ya watu wanaojua jicho la mwenzao, kama wazee wetu Wamakonde waliochonga mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, Newala, vijana wametoka jando. Lipiko, mchezaji aliyevaa kinyago hicho, akazuka nyuma ya nyumba, mwili wote umefungwa nguo, njuga zinalia, kichwani kinyago chenye chale na nywele. Nywele za mtu kweli, Somoe, zimegandishwa moja moja. Sisi wanawake tuliambiwa yule ni mzimu. Nikamwona anavyoutupa mguu wa kushoto akicheza, nikajua: mjomba huyo! Nikajua, na bado nikakimbia hadi kisimani. Usiku mjomba anakula ugali kwetu, mimi namwangalia kwa pembeni, moyo unadunda. Nilipomnong'oneza mama akanifinya: "Wote tunajua. Wewe kimbia."

Ndiyo maana uliponisimulia habari za Joseph Weizenbaum wewe ulicheka, mimi sikucheka. Mwaka 1966, pale MIT, chuo cha Marekani, alitoa programu yake ya kompyuta, ELIZA, kazi yake kukurudishia maneno yako yakiwa maswali. Katibu wake alimwona akiihangaikia kwa miezi, alijua hamna mtu mle ndani, na bado akamwomba bosi atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Katibu yule ni mimi, nakimbilia kisimani.

Na yule Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, aliyeandika mwaka 1970 juu ya bonde lake la kutisha: kitu kikifanana na mtu kinapendeza, kikizidi kufanana kidogo tu, kinatisha, kama kushika mkono wa bandia gizani ukaukuta wa baridi. Sina ubishi naye. Ila yeye aliwashauri mafundi walikwepe bonde. Wachongaji wetu walibandika nywele za watu ili tutumbukie humo humo.

Sasa nikwambie ninapokutilia shaka. Ni hiyo kamera unayotaka kuja nayo, ya kusoma uso wa bibi na kuandika anajisikiaje. Najua Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwenda Papua Guinea Mpya miaka ya 1960 na picha zake, akarudi akisema nyuso za furaha, huzuni, hasira na nyinginezo ni zile zile kila mahali, na najua wenzako bado wanabishana naye. Mimi nakurudisha kwenye msiba wa babu yako. Unamkumbuka mtani aliyejilaza kwenye mkeka wa wafiwa, akaiga kikohozi cha marehemu na kudai alipwe deni lake la tumbaku? Watu walicheka mpaka wakashikana. Kamera yako ingeandika furaha. Na bibi, aliyekaa siku tatu akichagua mawe kwenye ungo wa mchele ule ule uliokwisha kuchaguliwa, hakulia wala hakununa. Ingeandika nini? Nilifundisha miaka thelathini na moja, nimetazama nyuso nyingi za watoto wanaosema wameelewa. Mwanangu, uso una adabu zake.

Turudi kwa sili. Kila asubuhi msoma habari wa redio akisema "hamjambo", bibi anajibu, "Hatujambo, baba." Zamani nilikuwa namsahihisha. Siku moja nikamwambia, mama, huyo hakusikii. Akanitazama kama mtoto aliyemwaga mboga. "Najua hanisikii. Kwa hiyo nisiitikie salamu?"

Basi mlete. Asidanganywe kwamba yu hai, na asikatazwe kumsemesha. Sharti langu ni moja, na usinijie na maneno ya chuoni: ukija kama mjukuu, mlango uko wazi. Ukija na kamera na daftari, ruhusa utaiomba kwake yeye, si kwangu, tena siku ambayo anakumbuka wewe ni nani. Siku hizo ni chache. Huenda ukakaa likizo nzima usiipate hata moja, na hapo daftari libaki begini.

Nilimwambia anakuja mgeni mwenye manyoya. Akauliza anakula nini. Nikamjibu kama ulivyonieleza, anachajiwa kwa chuchu ya bandia mdomoni, kama mtoto mchanga. Akafikiri, akauliza, "Na umeme ukikatika?" Unajua unavyokatika huku. Njoo na jibu.

Mama yako