Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, Kigoma

Mama Mlezi wa chama, wajumbe wa kamati ya utendaji, wenyeviti wa vijiji na mitaa mlioitikia mwaliko, ndugu wanachama: habari za asubuhi na poleni kwa safari, hasa ninyi wa Kagunga na Mwamgongo, vijiji vya mwambao wa kaskazini, mliolazimika kulala mjini ili muwahi. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitagusa fedha pale tu zinapomhusu mgonjwa.

Mwaka huu kamati iliniomba nipitie vitabu vya rufaa vya wanachama, yaani kumbukumbu za wagonjwa tuliowaelekeza zahanati au hospitali, badala ya kujumlisha kaya tulizotembelea. Nimevipitia. Fomu za mwezi zinapendeza: kaya zimejazwa, wajawazito wameandikwa, watoto wamepimwa mkono kwa utepe wa utapiamlo. Lakini kile kipande cha chini cha fomu ya rufaa, ambacho zahanati hujaza na kuturudishia, katika vitabu vingi hakionekani. Je, mgonjwa alifika? Alifika akakosa dawa? Au aliishia mwaloni, pale boti zinapotia nanga, akisubiri usafiri? Kama hatujui, basi tuliandika karatasi tu.

Naomba tusikimbilie kusema wananchi hawana elimu. Kwa sera ya nchi, matibabu ya kifua kikuu ni bure, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni bure, na mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wamesamehewa gharama. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, mwaka huu wa 2024 ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Yote hayo tunayahubiri kila siku, na ni kweli. Ila boti ya kwenda Kibirizi, bandari ya boti ya Kigoma mjini, haina msamaha. Mama wa Kagunga aliyepewa rufaa ya hospitali ya mkoa ya Maweni anahitaji nauli yake na ya msindikizaji, chakula cha siku asizozijua idadi, na mtu wa kumwachia watoto. Akisema "nitakwenda wiki ijayo," mara nyingi amekwisha kupiga hesabu na imemshinda. Kazi yetu inaanzia hapo: kukaa naye, kupiga hesabu upya, kumwita shemeji au mjumbe wa kitongoji, kujua boti ya nani inatoka lini. Kwa wajawazito wenye dharura tunayo namba 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura, isiyo na malipo. Hakikisheni kila nyumba yenye mjamzito inaijua kabla uchungu haujaanza.

Jambo lililotufundisha zaidi mwaka huu ni kufungwa kwa ziwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki na dagaa wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi huo, maana hata wavuvi wakongwe walikwisha kulalamika kwamba nyavu zinarudi nyepesi. Lakini kambi za wavuvi zilihama. Wavuvi, waanikaji wa dagaa, mama lishe na wabeba mizigo walitawanyika, wengine wakarudi mashambani Kasulu na Kibondo, wengine Uvinza, wengine hata nje ya mkoa. Na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wetu.

Mnajua wenyewe kifua kikuu kilivyo. Dawa hunywewa kwa kawaida miezi 6, lakini kikohozi huanza kupungua mapema sana, mwili unarudi, na mtu anajiona mzima. Hapo hapo kazi ikisimama, anafunga mzigo na kuondoka. Akiacha dawa katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na atakaowaambukiza huko aendako nao watapata uleule sugu.

Wenzetu wa mialoni walifanya jambo ambalo hakuna mwongozo uliowaelekeza. Tangazo la kufunga ziwa lilipotoka, walipita kwa wagonjwa wao mmoja mmoja wakiuliza: unahamia wapi, nani atakupokea, kituo gani kiko karibu? Wakaandika simu ya ndugu, wakampeleka mgonjwa zahanati akapewe dawa za kutosha na barua ya uhamisho, kisha wakampigia mwanachama wa kata aendako. Palipofanyika hivyo, tuliweza kumfuatilia mtu hata akiwa analima mihogo Kibondo. Pasipofanyika, tulibaki kuulizana kwenye vijiwe. Kamati inapendekeza daftari la wahamao liwe la kudumu, lisiwe la kusubiri ziwa lifungwe. Watu wa mwambao huhama hata mwezi unapokuwa mpevu na dagaa hawavuliki.

Hapo kuna suala la siri, nami nalisema bila kuzunguka. Kambini nyumba zimebanana. Ukiingia mlango wa mtu umevaa fulana iliyoandikwa UKIMWI mgongoni, umekwisha kumtangaza. Wanachama kadhaa wameanza kwenda na nguo za kawaida na kuanzia nyumba za jirani, wakizungumzia chandarua na choo, hadi wamfikie wanayemtafuta. Naunga mkono. Wafadhili wanaotaka picha za fulana watupige picha hizo mkutanoni.

Maji ya ziwa nayo yalipanda mwaka huu yakaingia kwenye baadhi ya mialo pamoja na vyoo vyake. Waliokuwa Kagunga Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni na kipindupindu kikaingia hadi meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, hawahitaji maelezo yangu. Chemsheni maji, gaweni vidonge vya kutibu maji, na ORS, ile dawa ya chumvichumvi ya anayeharisha, isikosekane mkobani.

Kuhusu Mpox, ugonjwa wa kuambukiza unaotoa vipele mwilini: baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura tarehe 14 Agosti, na majirani zetu Kongo na Burundi wakiwa na wagonjwa, kila mtoto mwenye tetekuwanga alianza kukimbiwa. Sisi hatupimi wala hatutaji ugonjwa. Tunatoa taarifa kituoni siku hiyohiyo.

Tarehe 31 Januari 2024, Dodoma, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, mwana wa Buhigwe hapa mkoani, alizindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Tumeufurahia. Wasiwasi wa wanachama ni wakongwe wetu, waliobeba kazi hii kwa kujitolea miaka mingi, wasije wakaachwa nyuma vijana wanapoandikishwa. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, vitongoji vingi vina wenyeviti wapya wasiotufahamu. Nendeni mkajitambulishe mapema, na madaftari yenu mkononi. Nyie wenyeviti mlio hapa, naomba mtusemee kwa wenzenu.

Posho ya mradi mmoja ilichelewa miezi kadhaa. Tumeandika barua, tumejibiwa kwa maneno mazuri. Bodaboda hapokei maneno mazuri, kwa hiyo tumeandika nyingine.

Ninaomba mkutano uamue mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama afike zahanati yake walau mara moja kwa wiki kufuata vipande vya mrejesho, asisubiri viletwe. Pili, sehemu ya ada zetu itengwe kuwa mfuko wa nauli kwa wagonjwa wa rufaa wasio na mtu, na mhazini ataeleza kiasi kinachowezekana. Tupige kura kabla ya saa sita, maana wenzetu wa kaskazini wanatakiwa kuwahi boti Kibirizi mchana huu.