Fulana ya kumbukumbu isiwe ya pamba

Mhariri,

Wengi wanaokimbia Kilimanjaro Marathon kwa mara ya kwanza, wakichangisha fedha kwa kumbukumbu ya mpendwa wao, hukosea kwenye fulana. Huchapisha picha ya marehemu kwenye pamba. Pamba ikilowa jasho huwa nzito, na ile picha iliyokauka kama plastiki husugua chuchu hadi zitoke damu. Chagueni kitambaa chepesi kinachokauka upesi, picha ikae mgongoni, na mjipake mafuta ya mgando kifuani, kwapani na mapajani. Ivaeni kwanza kwenye mazoezi ya kilomita 25.

Mazoezi yenyewe, kwa mbio za kilomita 42, ni wiki 16 hadi 20. Siku ndefu kuliko zote, kilomita 30 hivi, iwe wiki tatu kabla. Kilima cha Mweka kinawasubiri nusu ya pili, miguu imeshachoka, kwa hiyo mwanzoni msishindane na mtu. Wala msinywe maji kupita kiu: maji mengi mno hushusha chumvi ya damu, na hilo huua.

Michango ipite namba moja tu, watunza hazina wawe wawili, na risiti ya mwisho ionwe na kila aliyechanga, hata wa shilingi elfu moja.

Mkimbiaji,
Moshi