Tengeneza waleti mpya, hamisha kripto, af hiyo skrinishoti ifute

Mambo vipi rafiki yangu,

Mi mzima kabisa. Meseji yako nimeisoma, na pale uliposema yale maneno 12 ya kurejesha waleti yako (ile apu ya kripto, yaani pesa za kidijitali) umeshayapiga skrinishoti kwa hiyo uko salama, nikaona hapa hapatoshi kujibu kwa mstari mmoja.

Kwanza kripto yako haimo ndani ya simu. Iko kwenye blokcheini, yaani daftari la pamoja la mtandaoni, simu imebeba funguo tu za kuidhinisha kutuma, na hizo funguo zote zinazaliwa na yale maneno. Ndo maana simu ikiibiwa hujapoteza kitu, unachukua nyingine unaweka waleti unachagua kurejesha, unaandika maneno kwa mpangilio uleule na salio hilo hapo. Ila sasa na mwizi naye ni hivyohivyo, akiyapata hahitaji simu yako wala pini wala kidole chako, anayaandika kwenye simu yake huko aliko anahamisha kila kitu na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Pini inalinda simu tu, maneno hailindi.

Yule James Howells wa Wales aliyetupa diski ya kompyuta yenye funguo za maelfu ya bitcoin mwaka 2013, shida yake ilikuwa funguo zilikuwa kwenye ile disk tu. Huu mtindo wa maneno ulikuja mwaka huohuo, maskini, kwake ukawa umechelewa.

Turudi kwenye skrinishoti. Picha inaweza kupanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, halafu kila apu uliyoiruhusu kuona picha zako inaiona. Mwaka 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliripoti kirusi kinaitwa SparkCat, kilikutwa kwenye apu za Google Play na hata App Store, kazi yake kupitia picha za watu na kusoma maandishi yaliyomo kutafuta haya haya maneno. Kwa hiyo kuifuta haitoshi, hujui imeshafika wapi. Fungua waleti mpya, upate maneno mapya, uhamishie huko.

Hayo mapya andika kwa kalamu, na uweke namba 1 mpaka 12 maana mpangilio ukivurugika imekula kwako. Mwandiko mbaya usikutishe sana, maneno yote yanatoka kwenye orodha moja ya maneno 2048 na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila moja, ndo maana wanaochonga kwenye bamba la chuma wanachonga nne tu. Chuma ni kizuri kwa sababu ya moto na maji, ila kwa kuanzia karatasi mbili sehemu mbili tofauti zinatosha. Usije ukajifanya mjanja ukakata karatasi vipande viwili, sita huku sita kule! Ukipoteza kipande kimoja umejifungia nje, na atakayeokota kingine umeshampunguzia kazi ya kubahatisha.

Kuna waleti zinakuruhusu kuongeza neno lako mwenyewe juu ya yale 12. Mi kwa sasa nakushauri uachane nalo, kwa sababu ukilikosea hata herufi moja waleti haikwambii umekosea, inakufungulia waleti nyingine kabisa, tupu, na wewe unabaki unadhani umeibiwa.

Jambo ambalo watu wengi hawafanyi ni kujaribu. Kabla hujahamisha hela, nakili ile anwani ya kupokelea (ule mstari mrefu wa herufi na namba unaompa anayekutumia), futa apu, iweke upya, rejesha kwa kusoma karatasi yako na si kwa kukumbuka kichwani, halafu angalia kama anwani ni ileile. Ukikosea neno, mara nyingi apu inakataa, kwa sababu neno la mwisho limebeba alama ya kuhakiki, ila si kila kosa linanaswa kwa hiyo anwani ndo ushahidi wako. Ikifanana tuma kidogo kwanza, kikifika ndo utume zilizobaki.

Af wakikufuata watu wa "huduma kwa wateja" wanataka maneno ili eti wakuhakikishe akaunti, bloku. Hakuna waleti ya kweli inayohitaji kuyajua.

Fanya leo basi, af niambie anwani zimefanana au la. Maneno yenyewe hata mimi usinitumie.

Rafiki yako