Kama kasoro inajulikana tuambieni kabla hatujainstoli

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hizi apdeti za kompyuta, maana zikigoma mafundi wa mtaani ndo tunaopigiwa simu.

Sipingi kuapdeti. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kile cha kufunga mafaili na kudai hela, kiliwaumiza wengi ambao hawakuweka kiraka cha Microsoft, yani apdeti ya kuziba tundu la usalama, kilichotoka Machi mwaka huohuo, kwahiyo anayekwambia zima apdeti zote anakutafutia balaa. Ninacholalamikia ni kwamba kuna apdeti ambazo watu wanajua kabisa zina kasoro na bado kwenye kioo unawekewa kitufe tu.

Chukua ile apdeti ya Windows 10 ya Oktoba 2018, ilitoka tarehe 2 na ndani ya siku chache ikasimamishwa sababu kuna watu mafaili yao yalifutika, na kumbe baadhi ya waliokuwa wanaijaribu walisharipoti mambo hayohayo miezi kabla, ila ripoti zao hazikupigiwa kura nyingi na watumiaji wenzao zikazama huko. Microsoft wakasema walioripoti kupoteza mafaili ni moja ya mia ya asilimia moja. Sawa ni wachache, ila kamwambie hivyo mwanafunzi ambaye risachi yake imepotea wiki ya kukabidhi.

Wenzetu wanaotumia Debian, yani aina moja ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, wana kaprogramu kanaitwa apt-listbugs, ukitaka kuinstoli kitu kenyewe kanapitia kwanza orodha ya kasoro zilizoripotiwa, kakikuta toleo hilo lina tatizo zito kanakusimamisha palepale, kanakuonyesha jina la paketi, namba ya ripoti na tatizo lenyewe kwa kifupi, halafu kanakuuliza uendelee au uache. Ukitaka unaizuia hiyo moja zingine zinapanda. Uamuzi unabaki wako, na hakakusumbui kwa vitu vidogovidogo. Najua mtu atasema kasoro ambayo hajairipoti mtu haitaonekana, kweli, ule mlango wa nyuma, yani njia ya siri ya wadukuzi kuingilia, uliofichwa mwaka 2024 kwenye xz, kaprogramu ka kubana mafaili kwenye Linux, ulikuja kugundulika baada ya mtaalamu mmoja wa programu, Andres Freund, kushangaa mbona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde hivi. Lakini akishapiga kelele mmoja, kwanini wa pili aumie?

Sasa njoo kwetu. Hawa wanaouza programu za maduka na shule wanatusukumia apdeti mwisho wa mwezi watu wanafunga hesabu, imeandikwa "maboresho madogo" basi. Kuna duka la dawa hapa mtaani lilishinda kutwa halitoi risiti, wateja wamesimama dirishani na dawa zao mkononi, dada wa kaunta anaandika kwa kalamu kwenye daftari, nikawapigia waliouza hiyo programu, jamaa akanijibu kwa upole kabisa, "Ah hiyo inajulikana kaka, toka juzi."

Inajulikana na nani? Mstari mmoja juu ya kitufe ungetosha, toleo hili linagoma kutoa risiti subirini tunarekebisha. Kama hilo nalo ni gumu watume hata meseji ya kawaida, namba zetu wanazo, si ndo hizohizo wanazotudai nazo hela ya leseni.

Fundi kompyuta,
Morogoro