Bahasha za Wangazija

Mhariri, naomba kanafasi nitoe dukuduku langu.

Mi nakaa Ilala, bibi yangu mzaa mama ni Mngazija, kwa hiyo kwetu haipiti miezi bila kupokea mgonjwa kutoka Komoro. Safari hii kaja mama mdogo, figo zinamsumbua, katoka Moroni na bahasha nene, majibu ya damu yamo, ultrasaundi imo, kila kitu kimo ila vyote kwa Kifaransa. Tumefika hospitali moja hapa mjini (siitaji), dokta kafungua, kaangalia karatasi ya kwanza, karudisha, eti tuanze upya. Tukaanza kweli, damu upya, ultrasaundi upya, siku nne hela ya wiki mbili imekata na dawa hatujaandikiwa hata moja!

Kuna watu wanauliza si watibiwe kwao. Kwao wapi jamani, El Maarouf ndo hospitali kubwa ya nchi nzima nayo ilivunjwa ijengwe upya, ujenzi ukachukua miaka. Wa kisiwa cha Nzwani wengine wanapanda kwasa-kwasa, vile viboti vidogo, usiku kwenda kisiwa cha Maore (Mayotte), kama kilomita 70 hivi, maana kule ni Ufaransa na matibabu ya maana yapo, ila toka Wafaransa waweke viza 1995 waliozama pale ni wengi sana, hadi wajawazito. Sasa mwenye hela ya tiketi anaona bora Dar. Na sie tusijifanye wako mbali, kipindupindu cha 2024 kiliingia Komoro na boti iliyotoka huku kwetu.

Kinachoniuma ni kwamba lugha ya mdomo haina shida. Mama mdogo anapiga stori na manesi, yeye Kingazija chake wao Kiswahili chao, wanacheka. Shida ni karatasi tu. Hivi hospitali kubwa za Dar zinashindwa kuweka mtu mmoja anayesoma Kifaransa cha kidaktari? Asiwe wa Wakomoro tu, Wakongo na Warundi nao wanakuja na bahasha hizo hizo. Hata tukitozwa elfu ishirini ya kutafsiri tutalipa, rahisi kuliko kurudia vipimo vyote.

Mama mdogo yuko hapa sebuleni, anasubiri majibu ya kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, ambayo yamo kwenye bahasha.

Mjukuu wa Mngazija,
Ilala, Dar es Salaam