Barua kwa somo yangu anayetaka uzamivu

Nairobi, Jumamosi usiku

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie ile achari ya embe iliisha kitambo na chupa nimeiosha, iko juu ya kabati inamngoja. Juni ya Nairobi unaijua. Nakuandikia nimejifunga leso mbili, moja kiunoni, moja mabegani, na chai niliyoiweka hapa pembeni imeshapoa kabla sijaipiga funda la pili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza maswali tisa, nimeyahesabu. Manane ni ya fomu, vyeti, ada na tarehe. Moja tu, tena umelitupia mwishoni kama mtu anayeuliza bei huku anaondoka, ndilo lenye kazi: "Nikiandika kwamba nataka kutafiti nishati jadidifu Afrika Mashariki, watanichukua?"

Hawatakuchukua, somo. Nisamehe kwa kuanza na hilo, lakini mimi nimepoteza miaka miwili kwa kosa hilohilo na sina sababu ya kukuficha.

Mwaka wa kwanza niliwaandikia maprofesa arubaini na mmoja. Barua ilikuwa ileile, nikibadilisha jina juu tu, na kuna mmoja hata jina nilisahau kulibadilisha, nikamwamkia bwana wa Uskoti kwa jina la mwenziwe wa Kanada. Nilisema nina shahada ya uzamili, nina bidii, napenda ujenzi endelevu. Majibu yalikuja mawili. Wa kwanza aliniambia amestaafu. Wa pili aliniambia nijaze fomu.

Mwaka wa pili nikajaza fomu, nikakubaliwa. Hapo ndipo nilipokupigia simu usiku nikilia kwa furaha, na wewe ukaniuliza, "Nani analipa?" Nilikukasirikia, lakini ulikuwa na haki. Barua ya kukubaliwa isiyo na ufadhili ni kadi ya harusi ya Dubai: umealikwa, nauli juu yako. Ada wanayotozwa wageni Uingereza hailipwi kwa mshahara wa mwalimu wa vibarua vya saa kama mimi. Nafasi ile ikapita.

Kilichonitoa ni ukuta. Unakumbuka nyumba niliyohamia Embakasi, ile yenye ufa juu ya dirisha la jikoni? Huku tuko juu ya udongo mweusi. Ukienda Kabete udongo ni mwekundu na nyumba zinatulia, ila upande wetu ardhi inapumua. Udongo huu mweusi una madini yanaitwa montimorilonaiti, matabaka membamba kama kurasa za daftari. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, maji yanaingia kati ya kurasa, daftari linavimba na kuinua msingi. Kiangazi likikauka linasinyaa, na uwanjani unaona nyufa za kuingiza mkono. Nyumba inapandishwa na kushushwa kila mwaka, na upande mmoja haupandi sawa na mwingine. Sisi wahandisi tumefundishwa dawa: chimba uutoe, ujaze mawe na moramu, au uuchanganye na chokaa. Mwenye nyumba wangu alikuwa na dawa ya tatu, rangi mpya kila Desemba.

Mimi nilianza kuupima kwa hasira tu, ili nimwonyeshe. Nikachora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, nikawa napima umbali wake kila Jumapili kwa rula ya mtoto wa jirani na kuandika tarehe palepale ukutani. Septemba ufa ulikuwa milimita sita. Mei iliyofuata ulikuwa mbili. Septemba nyingine, saba na nusu. Haukurudi pale ulipokuwa, somo. Niliiangalia ile saba na nusu nikasahau habari ya mwenye nyumba.

Maana unakumbuka tasnifu yangu ya uzamili. Nilichanganya udongo mweusi na chokaa na majivu ya makapi ya miwa, kama walivyofanya watu wengi kabla yangu. Tunakanda vibonge, tunavikalisha siku 7 au siku 28, tunavivunja, tunaandika nguvu yake, tunahitimu. Na chokaa inasaidia kweli; udongo unapunguza kunyonya maji na unaanza kushikana kama saruji dhaifu. Lakini ukuta wa Embakasi hauishi siku 28. Unalowa na kukauka, unalowa na kukauka. Udongo uliotiwa chokaa unaweza kupoteza sehemu ya nguvu yake kwa kurudiwarudiwa hivyo, na jinsi majivu yale yanavyolibadilisha hilo ndipo palipokuwa na nafasi ya mtu mmoja, meza moja ya maabara, miaka mitatu na nusu.

Basi mwaka wa tatu sikuandikia watu arubaini. Nilisoma makala za watu sita, nikazisoma hasa, mpaka kwenye majedwali, nikawaandikia watatu. Nusu ukurasa: hiki ndicho ulichopima kwenye makala yako, mizunguko yako ya kulowesha na kukausha iliishia kumi na miwili, mimi nina swali juu ya kinachoendelea baada ya hapo kukiwa na majivu, na hivi ndivyo ukuta wangu ulivyofanya kwa miezi ishirini. Sikutaja bidii yangu hata mara moja. Wawili walijibu wiki hiyohiyo.

Mmoja akataka tuzungumze kwa video. Siku yenyewe stima ikapotea saa tisa alasiri, kama ilivyo ada ya stima, nikazungumza kwa simu, bando za kuhesabu, betri asilimia thelathini. Nilikuwa nimekariri hotuba. Akanikatiza: "Nionyeshe huo ufa." Nikapanda kwenye stuli ya jikoni. Aprili ile ilikuwa imenyesha sana, ufa umejifunga, hauonekani ila alama za penseli na tarehe. Nikaona nimekwisha. Akauliza nilipimia nini. Rula, nikasema. Akauliza, "Na rula hiyo inakosea kiasi gani?" Nikamwambia nusu milimita, pamoja na jicho langu labda zaidi, kwa hiyo tofauti ya sita na mbili naiamini, ila ile ya sita na saba na nusu naiamini nusunusu. Akanyamaza nikidhani bando limeisha, kumbe anaandika. Tangu hapo maswali yote yalikuwa ya namna hiyo. Shahada zangu hakuzigusa.

Sasa hayo manane yako, niyapitie haraka.

Transkripti, yaani orodha ya alama zako za chuo, iombe leo, hata kama huna pa kuipeleka. Chuo nilichosoma uzamili sitakitaja, lakini faili langu lilikuwa "halionekani" kuanzia Januari mpaka Aprili, kisha likaonekana siku niliyokwenda kukaa kwenye benchi la ofisi na chupa ya chai na kitabu. Nenda na chupa kubwa.

Barua za mapendekezo: usichague mkubwa, chagua anayekujua. Mwalimu mmoja mwenye jina aliniambia, "Andika mwenyewe nitie sahihi." Nikaandika, nikajisifu kwa lugha yangu mwenyewe, na anayesoma fomu akaona barua na maombi vimetoka kalamu moja. Huyo sikumrudia tena. Badala yake nilimwomba fundi mkuu wa maabara aliyekwisha kupata uzamivu wake, asiyejulikana na mtu, lakini aliyeniona nikirudia jaribio lililoharibika mara tano. Mpe kila mmoja pendekezo lako la utafiti na tarehe ya mwisho, na tarehe uiseme wiki mbili kabla ya ile ya kweli. Si uongo huo, ni uzoefu.

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS matokeo yake yanadumu miaka miwili tu. Mimi nilikimbilia kuufanya mwaka wa kwanza, nikaulipia tena wa tatu. Kwanza uliza chuo kama wanautaka, maana vingine vinamsamehe aliyesomeshwa kwa Kiingereza.

Kuhusu nchi. Ujerumani nafasi nyingi za uzamivu wa uhandisi ni ajira: zinatangazwa kama kazi, unalipwa mshahara, unafanya kazi chini ya profesa. Kwa hiyo usitafute fomu ya chuo, tafuta tangazo. Marekani ni safari ndefu, miaka mitano hivi, na unaanza na masomo darasani, lakini katika uhandisi mara nyingi ada na posho hulipwa kwa kazi ya kufundisha au ya maabara. Ada ya kuomba yenyewe unaweza kuomba usamehewe, usione haya. Uingereza miaka mitatu au minne, unaingia moja kwa moja kwenye utafiti. Mimi huko nimeshapata, hela zikiwamo, na sasa nangoja cheti cha ATAS, kibali ambacho serikali yao inakidai kwa wageni wengi wanaokwenda kutafiti uhandisi, ati wasije wakajifunza kutengeneza silaha. Wangejua mimi natengeneza matope. Bila hicho siombi viza. Nikishakipata kuna kipimo cha kifua kikuu, kisha viza. Baba watoto ananiuliza kila siku kama wataruhusiwa kunifuata. Wanafunzi wengi walizuiwa kuleta familia tangu Januari 2024, ila walioko kwenye shahada za utafiti hawakuzuiwa, kwa hiyo tunapanga.

Lakini wewe umeandika kwamba mama huwezi kumwacha, na neno hilo nimelichukua kama lilivyo. Kwa hiyo usiniige mimi. Pale Juja, ndani ya chuo kikuu cha JKUAT, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika, wanaiita PAUSTI, ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Wana ufadhili wa uzamili na uzamivu kwa vijana wa Afrika nzima. Wana masharti ya umri, kayaangalie mapema, maana mimi na wewe si wasichana tena. DAAD, shirika la Wajerumani la ufadhili wa masomo, nalo hufadhili watu wanaosomea hukuhuku. Ukisomea nyumbani ujue utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na utatakiwa uwe umechapisha makala kwenye majarida kabla ya kutunukiwa. Kuna watu watakuambia uzamivu wa nyumbani ni wa daraja la pili. Waulize wamesoma tasnifu ngapi za nyumbani. Tatizo la kwetu ninaloliona mimi ni moja, msimamizi mwenye wanafunzi wengi kuliko siku za wiki, kwa hiyo kabla hujasaini chochote waulize wanafunzi wake walisubiri sura moja isomwe kwa muda gani.

Na sasa turudi kwenye nishati yako jadidifu. Hilo ni bara, somo, si swali. Wewe miaka sita unanipigia simu kulalamika juu ya pampu za mahoteli ya huko Nyali na Diani, visima vya maji ya chumvi, impela, yale magurudumu ya ndani yanayosukuma maji, zinatoka zimeliwa kama mkate uliopitiwa na panya. Una daftari lile lenye madoa ya grisi, umeandika kila impela uliyoitoa, kisima gani, baada ya saa ngapi za kazi. Mwaka jana uliniambia kwamba za sola zinakuja zimeliwa mapema kuliko za stima, ukasema labda ni bahati mbaya. Mimi nimelala na maneno hayo wiki nzima. Pampu ya sola inapunguza mwendo wingu likipita na kuongeza jua likitoka, mara ngapi kwa siku? Hiyo ya stima inakwenda mwendo mmoja. Je, ni chumvi inayokula, au ni huko kupanda na kushuka, au vyote pamoja? Mimi si mtu wa mashine, huenda ninasema upuuzi. Lakini nishati jadidifu yako imo humo ndani, na sidhani kuna mtu mwingine mwenye daftari hilo.

Kabla hujamwandikia yeyote, lipige picha kurasa zake zote. Nakujua, utalimwagia chai.

Kisha niandikie nusu ukurasa. Usiweke "nina shauku kubwa", usiweke "bara letu". Weka idadi ya impela, visima vingapi, na unachoshuku. Nitaisoma kwa kalamu nyekundu kama alivyokuwa akitusomea yule mwalimu wa mekanika aliyeshindwa kututofautisha akatuita Mkubwa na Mdogo, na mpaka leo sijui kwa nini mimi ndiye niliyekuwa Mdogo.

Kibali kikija kwa wakati nitashuka Mombasa mwezi wa nane kuaga, na treni ya SGR ya usiku maana mchana watoto hawatulii. Chupa ya achari nitakuja nayo mkononi. Mwambie mama isirudi tupu.

Wako akupendaye,
Somo yako wa Embakasi