Kinanda na dramu tu

Tanga, 14 Juni

Swahiba,

Salamu nyingi, na kwa mama watoto pia. Sisi huku wazima, ila mvua imetukomesha. Ujumbe wako nimeupata: mpiga solo kaondoka, na wa besi kamfuata wiki ileile. Unasema umebaki wewe na kinanda chako na yule kijana wa dramu, na unafikiria kumrudishia mwenye ukumbi malipo yake ya awali ya onyesho. Usimpigie simu bado. Kuna kitu nataka ukisikie kwanza.

Unazikumbuka santuri alizotuachia mjomba, Mungu amrehemu, za enzi zake za ubaharia? Nyingi zimeharibika. Moja imesalimika, ya Mmarekani Lee Michaels, imetoka 1969, mwaka uleule wa tamasha la Woodstock, wakati California imejaa mahipi na magitaa yanalia kila kona. Huyu bwana aliingia studio na ogani ya Hammond, yaani kinanda kikubwa cha umeme, na mpiga dramu mmoja, Frosty. Basi, hakuna wa tatu. Wakapiga pamoja, papo kwa papo, albamu nzima ikakamilika kwa saa zisizofika 7.

Mara ya kwanza nilidhani nimesoma kava vibaya, maana besi nilikuwa naisikia waziwazi. Nikasogeza sikio karibu na spika. Besi ile haina kale kamlio ka kidole kugusa waya. Inavimba polepole, kama mzee anayeguna kabla hajasema neno. Kumbe ni ogani ileile! Na solo je? Haipo, wala hakuna anayejitahidi kuificha nafasi yake. Michaels anakanyaga sauti moja nzito yenye mkwaruzo, anaishikilia, anamwachia Frosty aseme.

Upande wa kwanza nyimbo zinaungana bila kituo, kama dakika 20 hivi. Katikati Frosty anaachiwa uwanja peke yake, na hapo, nikwambie ukweli, ananichosha. Huwa nainuka nikabandike chai, nikirudi bado anatwanga.

Lakini geuza upande wa pili usikilize "Stormy Monday". Wimbo huo ni wa T-Bone Walker, mpiga gitaa hasa, na tangu 1947 wapiga solo wameufanya shamba lao. Michaels anauimba bila gitaa hata moja. Anatoa mstari, ananyamaza, ogani inamjibu kama kwaya inavyomwitikia kiongozi. Nimeurudia mpaka mke wangu akaniuliza kama sindano imekwama.

Watu wengi wanamjua kwa wimbo mmoja tu wa 1971, "Do You Know What I Mean", uliofika namba 6 kwenye chati za Marekani, na hii ya 1969 ikasahaulika nyuma yake. Baadaye mwenyewe aliachana na muziki akafungua mgahawa wa kamba huko Los Angeles. Kamba wa kuliwa, si wa kufungia mbuzi. Nikila kamba wa hapa Tanga siku hizi namkumbuka yeye.

Nimeirekodi kwa simu, ina mikwaruzo mwanzoni, uvumilie. Nakutumia usiku bando likiwa rahisi. Usiisikilize peke yako, mwite na yule kijana. Halafu chukueni ule wimbo mnaofungulia dansi, wewe besi uipeleke mkono wa kushoto, na pale penye solo msijaze kitu. Acheni dramu ipite.

Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, siyo? Nakuja na basi la alfajiri. Niwekee kiti, ila mbali na spika. Masikio haya si ya zamani.

Wasalaam,
Jirani yako wa Ngamiani